Makamu wa Pande Mbili

Baada ya uchaguzi wa mwaka tisini na saba, nchi yetu ilikaa zaidi ya mwaka mzima bila makamu wa rais. Rais aliapishwa, mawaziri wakatajwa, lakini kile kiti cha pili kiliachwa wazi. Kila redio iliposoma habari watu walinyamaza kidogo wakingoja jina, na jina halikuja. Mimi nilikuwa fundi wa kushona mjini Lodwar, nimeweka cherehani yangu kwenye baraza ya duka la vyombo. Kwa kuwa nilikuwa na redio, tena na kivuli, wanaume wengi walikuja kukaa hapo na kumchagua makamu wa rais.

Sikuwahi kuwasikia wakiuliza ni nani anayeiweza kazi hiyo. Waliuliza kabila.

"Lazima atoke magharibi," alisema mwalimu mmoja. "Bila sisi hesabu haitimii."

"Mlishapewa mawaziri," mwingine akamjibu. "Sasa ni zamu ya Wakamba."

"Basi wapeni Waturkana," akasema dereva mmoja wa lori aliyekuwa amelala kwenye mkeka. "Mmoja awe makamu wa mbuzi."

Wakacheka. Suruali iliyokuwa mikononi mwangu, nikiitia zipu, ilikuwa ya Mturkana aliyefanya kazi ofisi ya maji. Mwenyewe alikuwa ameketi kando amejifunga shuka kiunoni, akingoja. Hakucheka. Walipomaliza kucheka aliniuliza kwa upole, "Mama, hiyo zipu bado?"

Nikamwambia inakaribia kwisha.

Mimi mwenyewe nilikuwa mtu mgumu kuhesabika. Mama yangu alikuwa Mturkana wa Lorugum, akaenda Kitale, kusini, kwa miguu pamoja na ndugu zake mwaka ambao mifugo yao iliisha kwa ukame. Huko akaolewa na Mbukusu aliyefanya kazi kwenye shamba la mahindi. Nilizaliwa Kitale. Shuleni watoto waliniita Mturkana, nikarudi nyumbani nikilia. Nilipokuja Lodwar nimeolewa, nikakuta naitwa mtu wa Kenya. Kaskazini kule, mtu akipanda lori kuelekea kusini husemwa anaenda Kenya, na sisi tuliotoka huko ni watu wa Kenya, hata kama mama zetu walizaliwa Lorugum. Kwa Kiturkana mgeni huitwa *emoit*, na neno hilo hilo ndilo jina la adui. Nilielewa maneno hayo kabla sijajifunza kuagiza maziwa vizuri. Ndoa yenyewe haikudumu. Mume alihamishwa kikazi, akahamishwa tena, mwishowe akahamia kwa mke mwingine, nikabaki mimi na cherehani.

Mzee wa ngozi alikuja asubuhi moja kabla jua halijakaza. Tulimwita hivyo kwa sababu alinunua ngozi za mbuzi na kuzipeleka kusini kwa lori lake. Alikuwa Mturkana mrefu, mpole wa sauti, mzee wa kanisa, na mwenye duka lililojulikana na kila mtu. Alikataa kigoda, akasimama ameegemea mkongojo.

"Ejok, mama."

"Ejok-noi, mzee."

"Sisi wafanyabiashara tunachagua viongozi ya chama. Mimi nataka kiti ya mwenyekiti. Wewe nataka ukuwe makamu yangu."

Chama chetu kilikuwa cha wafanyabiashara wa wilaya nzima, wenye maduka na wenye vibanda, Lodwar mpaka Kakuma na mbele yake. Aliyetaka uenyekiti aligombea na makamu wake, wawili pamoja.

"Kwa nini mimi, mzee?"

Alijibu bila kuzunguka. "Ile mtu nashindana na yeye amechukua Msomali awe makamu. Maduka ya Wasomali itamfuata. Watu ya Kenya wamebaki bila mtu. Wewe iko na damu ya hapa, iko na damu ya Kenya. Tena ni mwanamke. Mtu moja, pande zote."

Akatabasamu, nami nikatabasamu. Hakuwa na nia mbaya. Alizungumza nami kama mtu anayechagua mbuzi wa mahari, akitazama rangi yake ili ukoo wa pili usije ukanuna.

Siku hiyo hiyo nilikwenda mtaa wa Kanamkemer kwa rafiki yangu, mama Mkikuyu aliyekuwa na hoteli ya chai na chapati. Alinisikiliza huku akikanda unga.

"Umeitwa kama chumvi, dada," akasema. "Watu wakisifu chakula, husifu nyama."

"Wakina mama wa mboga wanakaa juani kutwa," nikamwambia. "Askari wa baraza la mji wanavunja vibanda vyao kila wanapojisikia. Nikiwa ndani ya kamati nitasema."

"Utasema," akakubali. Akaikunja chapati. "Sijasema hutasema."

Nilikubali kwa sababu hiyo ya vibanda. Na labda kwa sababu nyingine: maisha yangu yote ile damu ya pande mbili ilikuwa kitu cha kuelezea na kuombea radhi. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kuniambia ina faida.

Tukaanza kuzunguka. Mbele ya Waturkana, mzee alinishika bega na kusema, "Huyu ni mtoto wetu wa Lorugum." Mbele ya wenye maduka ya vifaa vya ujenzi na vitabu, ambao karibu wote walitoka kusini, alisema, "Huyu ni dada yenu wa Kitale." Maneno yote mawili yalikuwa kweli, lakini nilirudi nyumbani nimechoka kuliko siku za kushona sare za shule. Nilikuwa kama shuka linalogeuzwa, leo upande huu nje, kesho ule. Hakuna aliyeniuliza nina mawazo gani. Nilipojaribu kuzungumzia vibanda walisikiliza kwa adabu, kisha swali la kwanza likawa, "Mama, baba yako ni ukoo gani?"

Tulipomaliza Lodwar tukaenda Kakuma kwa lori la mzee, nyuma ya msafara wa polisi kwa sababu ya majambazi wa barabarani. Nilikaa mbele, katikati ya dereva na mzee, na vumbi la magari ya mbele likaingia mpaka kwenye meno. Kakuma wakati huo ilikuwa imevimba. Kambi ya wakimbizi ilikuwa imeuzidi mji wenyewe, na sokoni ungesikia Kiarabu cha Juba, Kisomali, na Kiswahili cha Kongo kinachosikika kama wimbo. Wakimbizi hawakuwa na kura katika chama chetu. Lakini wenye kura walinunua na kuuza kwao, kwa hiyo nao waliitwa kwenye mkutano.

Tulikutana ndani ya kanisa la mabati. Joto lilikuwa la kuokea mkate. Mzee alizungumza, mimi nikazungumza, halafu mtu mmoja wa Sudan Kusini, muuza vitambaa, akainuka nyuma. Alikuwa amevaa koti ingawa kulikuwa na joto lile.

"Mimi nauliza. Huyu mama ni kabila gani?"

Mzee alinitazama kama mwalimu anayetazama mwanafunzi aliyemfundisha jibu.

"Mama yangu ni Mturkana," nikasema. "Baba ni Mbukusu, kutoka Kitale."

Yule mtu alinitazama uso, akatazama mikono. "Wewe si mweusi kama sisi. Si mwekundu kama Msomali. Wewe uko katikati."

"Katikati kuna ubaya?"

"Hapana. Lakini katikati mtu anapigwa na huyu, anapigwa na huyu."

Watu wakacheka sana, hata mzee. Muuza vitambaa mwenyewe hakucheka. Mkutano ulipokwisha alinifuata nje na chupa ya soda, akaifungua kwa meno, akanipa.

"Usikasirike, mama. Nimeuliza kwa sababu mimi pia ni makamu."

"Wa nini?"

"Wa kanisa letu, ndani ya kambi. Mwenyekiti ni Mdinka, kwa sababu wao ni wengi. Wakasema makamu atoke kabila dogo, watu wasiseme Wadinka wamekula kanisa. Mimi natoka Equatoria. Wakanichukua." Akafuta vumbi kwenye koti. "Mimi nafungua mlango, nafunga mlango. Wakigombana, wananiita. Wakipatana, wananisahau."

"Mbona hujaacha?"

Alifikiri. "Nikiacha watasema watu wetu hawataki umoja."

Soda ilikuwa ya moto, nikainywa yote.

Uchaguzi ulifanyika Lodwar kwenye uwanja wa shule, kwa kupanga mlolongo. Kila mtu alisimama nyuma ya mgombea wake, na hapo huhitaji kuambiwa siri ya mtu. Nyuma yetu walisimama Waturkana wa upande wa mzee, na baada yao watu wa kusini karibu wote. Niliwaona wakina mama wa mboga mwishoni, vikapu vyao vya mkoma vichwani, maana hawakuwa na wa kumwachia. Tulishinda. Watu wa kusini walinijia na kunishika mkono. "Sasa tuna mtu wetu ndani," wakasema. Waturkana nao wakasema, "Mtoto wa Lorugum ameshinda." Nilipofika nyumbani nilivua viatu nikalala na nguo zangu, na jua lilikuwa bado halijatua.

Sitasema mzee alinitupa. Kwa miezi ile tuliyofanya kazi pamoja alinisikiliza. Tulikwenda baraza la mji mara nyingi, tukakalishwa kwenye mabenchi ya korido mpaka makalio yakafa ganzi, na mwishowe wakina mama wa mboga wakapewa sehemu yao chini ya mabati. Ilipozuka fujo ya bei ya maji kati ya wenye matanki na wenye mikokoteni, ni mimi niliyewakalisha. Mzee alikuwa na lori na duka, kwa hiyo taratibu kazi za chama zilihamia kwenye baraza yangu. Watu waliacha kuja kuzungumzia makamu wa rais, wakaanza kuja na mashtaka.

Kisha mzee akaugua figo. Alikonda haraka, akapelekwa hospitali Eldoret, na habari zikaja kwamba hatarudi karibuni, na hata akirudi hataiweza kazi. Katiba ya chama ilisema wazi: mwenyekiti akishindwa, makamu anashika kiti mpaka muda wao uishe. Sikuifikiria sana. Nilikuwa tayari naifanya kazi hiyo.

Walikuja wawili, mchana, wakati sokoni watu wamelala. Mmoja alikuwa mzee Mturkana wa kamati yetu, muuza mbuzi, mtu wa heshima. Mwingine alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, msemaji wa watu wa kusini. Kuwaona wamekuja pamoja kulinishtua, maana hawakuwa wakisalimiana vizuri. Niliwapa viti, nikaendelea kushika kitambaa mkononi.

"Mama," muuza mbuzi akaanza, "sisi tunakuheshimu. Umefanya kazi. Lakini hii kiti ni ya wenyewe."

"Mama yangu ni wa Lorugum. Mlisema wenyewe, kila mkutano."

"Ndiyo, tulisema." Alitazama chini, na nadhani aliona haya. "Lakini mtoto ni wa baba yake, mama. Hata kwenu Kitale ni hivyo."

Nikamgeukia yule wa kusini. "Na nyinyi? Mlisema mna mtu wenu ndani."

Alikuna shingo. "Dada, tusikosane. Kuna watu wetu wanaosema, mama yake ni Mturkana, akishika kiti atawapendelea wajomba zake. Sisi tumeona mwenyekiti abaki Mturkana halisi, tujue tunaongea na nani. Na wewe ubaki makamu. Hapo unatufaa sana."

"Nawafaa nani?"

"Sisi wote," akasema.

Ningeweza kuwaletea katiba ya chama. Ningeweza kwenda kwa wakina mama wa mboga, nao wangekuja wakapiga kelele, na askari wangewarudia kwenye vibanda vyao kesho yake. Nilivifikiria vyote hivyo nikiwa nimeketi pale, na kila nilichokifikiria kilikuwa na uzito wa gunia. Kilichoniuma zaidi ni mapatano yao. Tangu nifike Lodwar sikuwahi kuona pande hizo mbili zikikubaliana haraka namna hiyo juu ya jambo lolote.

"Mtamweka nani?" nikauliza.

Wakamtaja binamu wa mzee wa ngozi, kijana wa duka la simu na fotokopi, ambaye hakuwahi kukanyaga mkutano hata mmoja.

"Sawa," nikasema. "Lakini makamu mtafute mwingine."

Hawakuamini. Muuza mbuzi alinisihi, yule wa kusini akasema nisichukue kwa hasira. Haikuwa hasira. Nilikuwa na sare za kushona.

Ni katika majuma hayo ndipo redio ilipomtaja makamu wa rais, baada ya nchi kungoja muda wote huo. Watu walirudi kwenye baraza yangu kama zamani. Wakaanza kuhesabu ni nani amefurahi na ni nani amenuna, kabila kwa kabila, mpaka nikaizima redio nikisema betri zinaisha.

Mzee alirudishwa kutoka Eldoret akiwa mifupa. Alituma mkewe kuniita. Nilimkuta amelazwa nje ya nyumba chini ya kivuli cha makuti ya mkoma, na mkewe akimpepea kwa kipande cha katoni. Alinipa mkono, ukawa mwepesi kama wa mtoto.

"Nimesikia," akasema.

"Pole na ugonjwa, mzee."

"Wewe pole na watu."

Mkewe akatuacha. Sikuwa nimepanga kumwuliza mgonjwa maswali, lakini alikuwa akinitazama kama anayelingoja swali langu.

"Mzee, ulinichagua kwa nini?"

"Nilikuambia siku ya kwanza. Nilihesabu watu."

"Hukuona kingine?"

Alivuta pumzi polepole. "Niliona. Nilikuona wakati ule askari wanavunja vibanda. Wanaume wote tuliangalia tu. Wewe ulienda ukasimama na mkasi mkononi, ukauliza mkubwa wao ni nani. Nikasema, huyu anaweza kazi." Akapumzika. "Lakini hiyo sikuwaambia watu. Niliwaambia damu. Nikifikiri damu itawaingia haraka."

"Iliwaingia."

"Ndiyo. Sasa wanaijua damu tu. Ile ingine hakuna mtu aliwaambia."

Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya. Nikaichukua ile katoni, nikampepea mpaka mkewe akarudi na uji.

Alifariki mvua zilipokuwa zinakaribia, akazikwa kwao upande wa Kaaleng. Tulisafiri kutwa nzima juu ya lori lake mwenyewe, na watu wa kusini walikuja wengi, kwa sababu alikuwa mtu wa watu. Wakati wa hotuba, mwenyekiti mpya, yule binamu, alieleza jinsi marehemu alivyopenda makabila yote. Akatafuta kwa macho, akaniona nimekaa na wanawake, akanionyesha kwa mkono. "Ushahidi ni yule mama pale," akasema, "makamu wake, mtu wa Kenya." Kila mtu akageuka kunitazama. Mke wa marehemu, aliyekuwa amekaa karibu nami, akaniwekea mkono kwenye goti na kuuacha hapo mpaka hotuba ikaisha.

Tuliporudi Lodwar, nikishuka kwenye lori nimejaa vumbi na miguu imevimba, yule kijana alinifuata. Alikuwa na adabu.

"Mama, kamati imekaa bila makamu mpaka leo. Uchaguzi unakuja tena. Nakuomba urudi, usimame na mimi. Watu wakikuona, wanatulia."

"Nimechoka, baba," nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma, akachukua mfuko wangu na kuniwekea mlangoni.

"Barabara ya Kaaleng ni mbaya sana," akasema. "Pumzika basi, mama. Kesho tutaongea."